Pengo Kati ya Tairi na Fenda

Ukitaka kulijua gari lililoshushwa vibaya, usilitazame likiwa limeegeshwa. Likisimama tupu kwenye sakafu tambarare, karibu kila gari lililoshushwa linapendeza. Chuchumaa nyuma yake, pitisha mkono juu ya tairi, papasa ukingo wa fenda kwa ndani. Kama rangi imekwisha na bati limebaki tupu, na bega la tairi lina mkwaruzo uliozunguka duara zima, ujue gari hilo linajila lenyewe. Mwenyewe anajua pia. Ameusikia ule mkoromo mfupi wa raba juu ya bati kila anapopita tuta akiwa na watu nyuma, na huenda ameshaanza kuwaomba jamaa zake wasikae watatu.

Gari ninalolifikiria mimi ni Subaru Legacy ya kizazi cha nne, steshenwagoni inayotajwa kwa namba ya umbo lake, BP5. Ilitoka Japani Mei 2003, ikapewa tuzo ya Gari la Mwaka nchini humo msimu wa 2003–2004, ikatengenezwa hadi 2009. Nairobi inaijua vizuri. Utaikuta asubuhi kwenye foleni ya Mombasa Road, Jumapili nje ya kanisa, na mwezi Desemba ikipita Naivasha kuelekea Nakuru imebeba ukoo mzima, mifuko ya unga na godoro. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuagiza gari lililozidi umri wa miaka 8, hizi tulizo nazo ndizo tutakazobaki nazo. Zimezeeka mikononi mwetu. Bushi zimelegea, springi za kiwandani zimechoka na kuinama kidogo bila kuombwa, na mwenye gari siku moja hujikuta anaulizwa na fundi: hizi zinatoka, tukufungie zipi?

Wengi hapa kwetu hujibu kwa kupandisha. Huweka spesa juu ya springi, au vipande vya raba katikati ya mizunguko yake, ili tumbo la gari lisikwaruze mawe. Siwalaumu hata kidogo. Barabara ya kwenda nyumbani kwa watu wengi huishia pale lami inapokatika, na kinachobaki ni mitaro na mawe. Tena Subaru yenyewe iliingia mioyoni mwa Wakenya kwa njia ya vumbi. Patrick Njiru aliiendesha katika Safari Rally miaka ya 1990, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda Safari hiyo kwa Impreza. Gari za Safari ziliinuliwa juu, zikafungwa vyuma vya kujikinga kwa mbele na bomba la hewa lililopanda hadi usawa wa paa ili zivuke maji bila injini kunywa. Kwa hiyo kijana anayeshusha Legacy lazima akutane na mzee atakayemwuliza kwa dhati: mbona unalizamisha gari lililopata jina kwa kupanda?

Swali hilo linastahili jibu la kweli, na jibu la kweli ni macho. Wapo wanaotaja uthabiti kwenye kona. Ni kweli, lakini tuupime. Uzito unaohama kutoka magurudumu ya upande mmoja kwenda mengine wakati wa kona hutegemea urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini. Kitovu hicho kikiwa kwenye milimita 550, nawe ukakishusha 30, umepunguza uhamaji huo kwa sehemu moja hivi katika ishirini. Dereva makini ataihisi tofauti, hasa kwa sababu springi fupi huwa ngumu zaidi pia, ila haitoshi kueleza mapenzi haya. Kinachoyaeleza ni mstari wa paa. Paa la sedani huteremka mapema na kumaliza habari yake. Paa la wagoni hunyooka hadi mwisho, refu, na kumbebesha mtazamaji uzito wote wa nyuma. Gari likiwa juu, uzito huo unaning'inia. Likishuka milimita chache na tairi likajaa ndani ya fenda, mstari mzima hutulia na kuonekana umekusudiwa. Mimi naona huo ni uzuri halali. Mtu ana haki ya kutaka chombo anachokitazama kila asubuhi kimpendeze.

Shida ni kwamba wagoni ina kazi. Paa lile lile linalotuvutia lilinyooshwa ili mzigo upate mahali. Fundi mmoja wa Industrial Area, mzee ambaye vijana wote wa gereji humwita Guka, hakuniuliza nataka gari lishuke kiasi gani. Aliniuliza, “Mkienda ushago mnakuwa wangapi? Na mkirudi mnabeba viazi?” Nikamwambia tunakuwa watano, na viazi tunabeba. Akasema, “Basi kijana wangu, springi yako tutaichagua siku hiyo ya viazi. Hizo siku zingine zitajipanga zenyewe.”

Sijasikia kanuni bora kuliko hiyo, na hesabu inaiunga mkono. Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kwamba springi hunyooka au kubonyea kwa kadiri ya nguvu inayowekwa juu yake: ongeza mzigo mara mbili, nayo inabonyea mara mbili. Tuchukue watu watatu wa kilo 65 kwenye kiti cha nyuma na magunia mawili ya viazi ya kilo 50 kwenye buti. Sehemu ya uzito wa abiria huenda mbele, lakini viazi vilivyo nyuma ya ekseli huizidishia mzigo, kwa hiyo tuseme ekseli ya nyuma inapokea kilo 260 za ziada, yaani 130 kwa kila gurudumu. Kama ugumu wa springi, ukipimwa pale kwenye gurudumu, ni nyutoni 30 kwa kila milimita, gari litashuka milimita 42 hivi kwa nyuma. Hili ni gari la kiwandani, ambalo hakuna aliyeligusa.

Sasa lishushe kwanza kwa milimita 30 kwa springi yenye ugumu ule ule, halafu pakia. Limeshuka 72. Kama gurudumu lilikuwa na nafasi ya kupanda milimita 90 kabla ya kukutana na raba ya kikomo, zimebaki 18. Tuta la shule, lile lisilopakwa rangi, linataka zaidi ya hizo. Raba inagonga, mwili wa gari unaruka, na tairi, ambalo halijawahi kufika juu kiasi hicho, linafika mahali ambapo fenda imejipinda kuja ndani. Huo ndio mkoromo.

Ukichagua springi iliyo ngumu zaidi kwa sehemu moja ya tano na inayoshusha milimita 20 tu, mambo yanageuka. Mzigo ule ule unaibonyeza milimita 35. Ukijumlisha na zile 20 unapata 55, na nafasi iliyobaki ni 35, karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Tofauti ya milimita 10 ambayo mpita njia hawezi kuiona gari likiwa tupu ndiyo inayoamua kama fenda itapona Desemba. Na tukumbuke kwamba nishati ya pigo ambayo springi inaweza kuimeza hukua kwa mraba wa safari yake, yaani umbali inaoweza kubonyea: ukiipunguzia safari kwa nusu, springi ile ile itameza robo. Kwa hiyo springi fupi isiyoongezewa ugumu ni ahadi ambayo chuma hakiwezi kuitimiza.

Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce akaenda kufanya kazi General Motors huko Marekani miaka ya 1930, aliona jambo ambalo kila anayepita matuta yetu analihisi mgongoni. Gurudumu la mbele hupanda tuta kwanza, la nyuma linafuata baadaye. BP5 ina milimita 2,670 kati ya ekseli. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, nyuma inachelewa karibu nusu sekunde. Mbele imeshaanza kunesa, nyuma ndiyo kwanza inapigwa. Zisipopatana, gari linabembea kama mtumbwi ubavuni mwa wimbi. Dawa aliyoipendekeza Olley ni kuifanya nyuma inese kwa kasi zaidi kidogo kuliko mbele, ili iikamate mbele njiani na mwili wa gari utulie sawasawa. Ni busara iliyodumu hadi leo. Lakini katika wagoni ina mtego wake, maana kasi ya kunesa hupungua uzito unapoongezeka, na katika wagoni uzito huongezeka nyuma. Springi za nyuma zilizopatana vizuri na za mbele gari likiwa tupu zinaweza kuwa nzito na zenye uvivu siku ya safari. Ndiyo sababu watengenezaji wa kweli wa springi, Eibach wa Ujerumani au Tein wa Japani kwa mfano, mara nyingi huwa na namba tofauti kwa sedani na kwa wagoni ya gari lile lile.

Hapa pana kosa ninaloliona mara kwa mara na linaloniumiza, kwa kuwa ni rahisi kuliepuka. Mwenye BP5 huuziwa springi za BL5, yaani sedani, kwa sababu zinafunga. Zinaingia kwenye shokomzoba, kikombe cha juu kinakaa, nati inakazwa, kila kitu kinaonekana sawa. Wiki ya kwanza gari linapendeza. Baada ya hapo makalio yanaanza kulala, kwa kuwa springi ile haikupigiwa hesabu ya kioo cha nyuma, mlango mrefu wa buti na paa lote lile. Muuzaji anayeuliza “Legacy ya mwaka gani?” bila kuuliza “ni wagoni?” hajakuuliza lolote.

Na ziko springi ambazo hazikununuliwa popote. Zinakatwa kwa gurainda, mzunguko mmoja au miwili, au zinachomwa kwa gesi zikiwa bado kwenye gari hadi zinakuwa nyekundu na kulala zenyewe. Kukata kuna mantiki kidogo: mizunguko ikipungua, springi inakuwa ngumu zaidi, jambo ambalo tumeshaona linahitajika. Lakini ncha iliyokatwa haikai kwenye kikombe chake, na gurudumu linaponing'inia shimoni springi fupi kupita kiasi inaweza kulegea na kuhama mahali pake. Kuchoma hakuna mantiki yoyote. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa na kupozwa kwa utaratibu. Mwali wa gesi unaufuta ugumu huo pale ulipogusa na kuuacha kwingine, na springi hubaki na kidonda kisichoonekana. Kuna mafundi hodari wanaofanya kazi hii kwa sababu mteja ameomba na hana pesa ya springi mpya. Ningependa wamkatalie. Ni watoto wa watu wanaokaa juu ya chuma kile kwenye mteremko wa Mai Mahiu.

Lakini si kila msuguano ni kosa la springi. Mara nyingi springi hushtakiwa kwa kosa la rimu. BP5 ya toleo la GT ilitoka kiwandani na rimu za inchi 17, upana wa inchi 7, zenye ofseti ya milimita 55, na tairi 215/45. Ofseti hupima umbali kati ya katikati ya rimu na uso unaogusa habu. Inapopungua, gurudumu linasogea nje kuelekea ukingo wa fenda. Chukua rimu ya upana wa 7.5 yenye ofseti 48. Kwa nje gurudumu limesogea milimita 13, kwa ndani halijabadilika kwa kiasi cha kutaja. Hiyo inavumilika, na kwa macho yangu ndipo wagoni hii inapopendeza kuliko popote. Sasa chukua rimu pendwa ya vijana, upana wa 8 na ofseti 35. Ukingo wake umetoka nje karibu milimita 33. Hakuna springi ya kushusha itakayoishi kwa amani na rimu hiyo katika gari lililojaa, isipokuwa fenda ikunjwe ukingo wake au ivutwe nje, na anayekubali hilo ajue rangi hupasuka na kutu huanzia hapo.

Tairi nalo lina ujanja wake. Duka likikosa 215/45 litakupa 225/50 kwa bei nzuri. Kipenyo kinapanda kutoka milimita 625 hadi 657, maana yake juu ya habu tairi limerefuka milimita 16. Jicho linadanganyika hapa, kwa sababu tairi kubwa huinua gari zima kutoka ardhini, na mwenye gari hudhani amepata nafasi zaidi. Chini ya tumbo, kweli ameipata. Lakini habu haijahama ndani ya fenda. Juu yake pana milimita 16 pungufu, na hizo ni karibu sawa na zile 20 tulizobishania kwenye springi. Anayeshusha gari na kuongeza tairi kwa wakati mmoja anazichoma nafasi zake kutoka pande mbili.

Kuna msaada unaokuja bila kuombwa. Gari linaposhuka, mikono ya nyuma ya Legacy huvuta sehemu ya juu ya gurudumu iingie ndani, na bega la tairi huikwepa fenda kidogo. Wengine hulitegemea hilo na hata kulizidisha kwa bolti za kurekebisha, magurudumu yakasimama kwa kuinama. Gharama yake iko upande wa ndani wa tairi, ambao hakuna anayeutazama hadi nyuzi zionekane. Kuinama kidogo, kulikopimwa, nakukubali. Zaidi ya hapo unalinda bati kwa kuua raba.

Guka ana namna ya kupima ambayo ningeomba kila gereji iige. Kabla ya kununua chochote, hufunga kamba ndogo ya plastiki kwenye fito ya shokomzoba, huisukuma hadi chini, kisha humwambia mwenye gari akaishi nalo: apakie, apite barabara zake mwenyewe, arudi. Mahali kamba ilipokwama ndipo safari ya springi ilipofikia, na hapo ndipo mazungumzo ya milimita yanapoanza kuwa ya kweli. Baada ya kufunga springi mpya, hupaka chaki kwenye bega la tairi na kwenye ukingo wa ndani wa fenda, anawapandisha vijana wa gereji kiti cha nyuma na wawili kwenye buti, anapita polepole tuta la lango kwa mshazari ili gurudumu moja la nyuma libonyee kuliko lingine, anakata kona usukani ukiwa mwisho, kwenda mbele na kurudi nyuma. Chaki ikifutika, kazi haijaisha. Wengine huona aibu ya kuwapandisha watu wazima kwenye buti mchana kweupe. Mimi nilifurahi kuwaona mle ndani, wamejikunja, wakimpigia kelele aongeze mwendo.

Springi zilizofungwa kwenye Legacy yetu ni za wagoni, zinashusha milimita 20 nyuma na 25 mbele. Za nyuma zina mizunguko iliyokaribiana upande mmoja. Ile mizunguko ya karibu hufungana mapema mzigo unapoingia, na inayobaki kufanya kazi huwa michache, hivyo springi inakuwa ngumu kadiri gari linavyojaa. Kwa wagoni sioni mpango bora. Rimu ni zile za 7.5 na ofseti 48, tairi zimebaki 215/45. Shokomzoba zilibadilishwa pamoja na springi, kwa sababu kuiweka springi mpya na ngumu juu ya shokomzoba iliyochoka ni kuiacha inese bila mtu wa kuizuia. Likiwa tupu, juu ya tairi la nyuma panaingia vidole viwili. Mpwa wangu anasema halijashuka. Ana miaka 22 na gari lake linakwaruza kila lango la mtaa wa Umoja, na ninamwelewa.

Jambo moja mafundi wengi hulisahau. Bolti za mikono yenye bushi za raba hazikazwi gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Zikikazwa hivyo, raba hujifunga ikiwa imekaa vibaya. Gari likirudi chini inabaki imejisokota mchana na usiku, ikilisukuma gari juu kwa nguvu isiyo yake, hadi inapasuka. Guka alilishusha gari likakaa kwa magurudumu yake, akaingia shimoni na spana, akakaza huko. Kisha akatuambia turudi baada ya wiki tatu, springi zikishatulia mahali pake, ndipo alaimenti ifanywe. Ikifanywa kabla ya hapo, vipimo vitakuwa vya gari ambalo halipo tena.